Nani hasa aliitengeneza litografia ya Orda?

Umeuliza kama Napoleon Orda, mchoraji wa karne ya 19, ndiye aliyeichapa litografia ya kasri, yaani picha iliyochapwa kwa jiwe. Hapana, yeye alichora tu. Litografia za albamu yake ya mandhari ya kihistoria ya Poland zilipitia mikono mitatu. Angalia maandishi madogo chini ya picha. Orda alikwenda mahali penyewe, akachora kwa penseli na rangi za maji. Alojzy Misierowicz akauhamishia mchoro kwenye jiwe kwa kalamu ya mafuta. Jiwe likishaloweshwa maji, wino hushika penye mafuta tu. Kisha karakana ya Maksymilian Fajans, Warsaw, ikachapa. Misierowicz hatajwi sana, na inauma, maana kila jani unaloliona kwenye hiyo miti limepita mkononi mwake.

Orda alipigana na Warusi katika uasi wa Poland wa 1830–31, wakamnyang'anya mashamba, akakimbilia Paris, ambako mtunzi wa muziki Chopin alimfundisha piano. Alirudi mwaka 1856. Albamu ina picha 260, na majengo mengi yaliyomo hayapo tena, ndiyo maana wanaokarabati majumba ya kale bado wanazitumia.