Mgonjwa wa Presha: Usimwulize Kama Anakunywa Dawa, Mwulize Anavyoinywa

Wiki iliyopita binti mmoja aliye mwaka wa mwisho wa stashahada ya uuguzi aliniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara tatu. Mgonjwa wake, mama wa miaka sitini na kitu, anatumia dawa tatu za presha, daktari ameshaongeza dozi mara mbili, na bado kila akija kliniki namba ya juu haishuki chini ya 170. "Dada, nimemwuliza kama anakunywa dawa, anasema anakunywa. Nifanye nini zaidi?" Nilimjibu kwa mistari michache usiku uleule, lakini swali lake linastahili zaidi ya hapo, na mimi ninadaiwa jibu lake tangu mwaka wangu wa kwanza kazini.

Nilianzia katika wodi ya wanaume, katika hospitali ambayo sitaitaja, na zamu za usiku nilikuwa peke yangu na wagonjwa zaidi ya thelathini. Saa kumi na mbili asubuhi dawa zilitakiwa ziwe zimekwishatolewa, vipimo vimeandikwa, na ripoti ya kukabidhi zamu iko mezani. Alfajiri moja nilifika kwenye kitanda cha mzee aliyekuwa akitumia dawa tatu za presha: atenololi, ambayo pia hupunguza mapigo ya moyo, kaptopili, na furosemidi, ambayo ni dawa ya kukojoza. Saa nne usiku nilikuwa nimempima na kupata 148/90. Mashine ilikuwa upande wa pili wa wodi, mzee alionekana amelala vizuri, nami nikaandika kwenye chati 146/88, namba niliyoitunga mwenyewe, kisha nikamwamsha na kumpa vidonge vyake pamoja na kikombe cha maji.

Sikumwuliza ameamkaje. Laiti ningemwuliza, angeniambia kwamba alikuwa ameharisha mara nne tangu usiku wa manane na kwamba aliona haya kuniita. Mtu aliyepoteza maji kiasi hicho presha yake huwa imeanza kushuka yenyewe, na mimi nilikuwa nimempa dawa ya kukojoza juu ya nyingine mbili za kushusha. Saa moja baadaye, nikiwa katikati ya kukabidhi zamu, tulisikia kishindo mlangoni mwa bafu. Ndoo yake ndogo ya bluu ilibiringika hadi miguuni pangu, na taulo lilikuwa bado begani kwake. Presha ilikuwa 82/50, mapigo ya moyo 48. Alishonwa nyuzi saba juu ya jicho, akawekewa dripu, na jioni aliweza kukaa kitandani na kunywa uji.

Metroni alinisema mbele ya madaktari, wanafunzi na ndugu wa wagonjwa, na hakuuliza hata mara moja ni kwa nini muuguzi mmoja aliachiwa wodi nzima. Jambo hilo linaniuma hadi leo, nami silifichi. Aliyenitetea ni mzee mwenyewe, akiwa na bandeji usoni: "Msimlaumu binti, mimi ndiye niliyenyamaza." Lakini namba ile niliitunga mimi, na tangu siku ile sijawahi kumpa mgonjwa yeyote dawa ya presha bila kumpima kwanza kwa mkono wangu na kumwuliza usiku wake ulikuwaje, kama ametapika, ameharisha, amekula, amepata kizunguzungu. Namba ya juu ikiwa chini ya 100, au mapigo yakiwa chini ya 60 kwa anayetumia atenololi, ninaizuia dozi, ninamwita daktari na kuandika sababu kwenye chati. Nimewahi kugombezwa kwa kuchelewesha dawa kwa njia hiyo. Nilikubali kugombezwa.

Sasa niseme habari iliyonifurahisha mwezi huu, kwa sababu ndiyo jibu hasa la swali la yule binti.

Katika kliniki ninayofanyia kazi sasa, mkoani Tanga, tulikuwa na bibi mmoja ambaye kadi yake ilitisha kuisoma: 188/102, 176/98, 190/104. Alianzishiwa amlodipini miligramu 5, ikapandishwa hadi 10, ikaongezwa losatani, ikaongezwa haidroklorothiazidi, ambayo ni dawa ya kukojoza. Kila aliyempokea alimwuliza swali lilelile la yule binti, naye kila mara alijibu kwa heshima, "Ninakunywa, mwanangu." Nilipopangiwa kumhudumia nilimwomba arudi wiki inayofuata na kila kitu anachomeza nyumbani, hata kama ni majani. Alikuja, akafungua fundo la kanga juu ya meza yangu, nami nikahesabu. Karatasi ya amlodipini iliyopaswa kuwa imekwisha ilikuwa na vidonge kumi na tisa. Hesabu ya losatani ilikuwa sawasawa. Karatasi mpya ya haidroklorothiazidi haikuguswa kabisa. Na chini kabisa, ndani ya kijikaratasi kilichokunjwa, vilikuwamo vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu.

Sikumgombeza. Nilimwambia, "Bibi, hebu nieleze jana tangu ulipoamka. Ulianza na kipi, saa ngapi?" Ndipo yote yakatoka. Amlodipini alikuwa anaimeza siku ambazo kichwa kinakuwa kizito, kwa kuwa aliamini presha hupanda siku hizo tu. Dawa ya kukojoza aliambiwa ni "moja kwa siku", akaanza kuimeza baada ya swala ya isha pamoja na nyingine, ikawa inamwamsha mara tatu usiku, na choo chake kiko nje, chini ya ngazi za udongo ambazo mvua huzila. Aliogopa kuanguka, akaiacha. Kwa kweli alikuwa na akili kuliko maelekezo tuliyompa. Diklofenaki ilikuwa ya magoti. Alikuwa anainunua duka la dawa na kuimeza kila siku kwa miezi mitano, wala hakuitaja kwa sababu kila mara tulimwuliza dawa za presha.

Wauguzi wenzangu wanajua, ila nitasema kwa ajili ya wanaoanza: diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini, hupandisha presha, na zikikutana na losatani na dawa ya kukojoza kwa mtu mzima wa umri ule, figo ndizo zinazolipa. Daktari alimsimamishia bibi diklofenaki, akampa parasetamoli kwa ajili ya magoti, akaagiza kipimo cha damu cha kreatinini na potasiamu ili kuangalia figo. Dawa ya kukojoza tuliihamishia asubuhi. Amlodipini tuliifungamanisha na swala ya alfajiri, ambayo hajawahi kuikosa. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Mwezi huu, baada ya miezi mitatu, nilimpima mara mbili nikapata 136/82 na 134/82, akanishika mkono akaniombea dua, nami ninajivunia siku ile kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jambo la kwanza ni hilo: mwulize anavyoinywa. "Unakunywa dawa?" ni swali lenye jibu moja tu, kwa sababu hakuna mgonjwa mwenye adabu atakayekuambia hapana. Mwombe akueleze jana. Mwombe akuonyeshe vidonge. Hesabu.

La pili ni namba yenyewe. Tunawapandishia watu dozi kwa namba ambazo tumezipata vibaya. Mama ameshuka kwenye bodaboda, amepanda ngazi, bado anahema, tunamfunga mkanda juu ya mkono wa sweta huku tunamwuliza habari za watoto, kisha tunashangaa 168. Mgonjwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapishanishwa, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, amekwenda haja ndogo, na katika nusu saa iliyopita hakunywa kahawa wala hakuvuta sigara. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, mashine itasoma juu kuliko ukweli. Hapa kwetu tulikuwa na mkanda wa saizi moja tu, nami niliomba mkubwa kwa barua, kwa mdomo, na kwenye kila kikao kwa mwaka mzima hadi ukanunuliwa. Wapo walioniona msumbufu. Kwa wazee, na kwa yeyote aliyebadilishiwa dozi, mpime pia akiwa amesimama, baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ndiye atakayeanguka alfajiri akienda kuoga.

Madhara ya dawa lazima uyataje wewe kwanza. Anayetumia kaptopili au enalapili anaweza kupata kikohozi kikavu kisichokoma, akamaliza chupa za dawa ya kifua bila kujua kinakotoka. Na akivimba midomo au ulimi, aache dawa na akimbizwe hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na wengi hudhani ni figo, wakaiacha. Atenololi haimfai mwenye pumu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa mwulize kuhusu ujauzito kila anapokuja, kwa sababu losatani na jamii ya kaptopili zinamdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine, kama methildopa, ambazo daktari anaweza kumbadilishia.

Kwa wanaume kuna jambo wasilolisema. Baba wa miaka hamsini anapotoweka kliniki, mara nyingi sababu iko chumbani. Nilichelewa sana kulijua hili, na nilipolijua niliona aibu kwa miaka niliyowaita wakaidi. Siku hizi ninafunga mlango na kusema, "Baba, wapo wanaoniambia kwamba tangu waanze dawa hizi, mambo yao na mama yamebadilika. Kwako hali ikoje?" Wengi huangalia chini kidogo, kisha huzungumza. Presha yenyewe huharibu nguvu za kiume, na baadhi ya dawa pia. Daktari anaweza kubadilisha dawa, lakini hawezi kubadilisha asichoambiwa, na wewe uliye karibu na mgonjwa kuliko yeyote ndiwe unayepaswa kukifikisha. Tuyaache kabisa maneno kama "mgonjwa mbishi" kwenye mafaili. Ukiandika neno hilo, umefunga mlango ambao atakayekufuata hataufungua.

Na yeyote atakayekuambia uweke nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi wa mgonjwa kwa sababu mashine imesoma 190, muulize kwanza kama mgonjwa ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, haoni vizuri, amechanganyikiwa au amelegea upande mmoja. Dalili hizo zikiwepo, hiyo ni dharura na daktari aitwe sasa hivi. Zisipokuwepo, mpumzishe, mpime tena, mtafute daktari, presha ishushwe taratibu. Kuishusha kwa ghafla kunaweza kuleta kiharusi kilekile tunachokikimbia.

Jana usiku binti aliniandikia tena. Amempigia yule mama simu na kumwomba aje na dawa zake zote, za hospitali, za dukani na za kienyeji, na amemwahidi kwamba hatamgombeza. Kliniki yao ni Alhamisi, nami nimemwomba aniandikie alichokikuta.