Maswali ya Wafugaji: Mashine ya Kutotolesha ya Kujitengenezea

Nataka kuunda mashine ya mayai 60 kwa plaiwudi. Nitumie balbu za wati ngapi, na feni ni lazima? – Msomaji, Morogoro

Boksi la sentimita 60 kwa 45, kimo 40, linatosha mayai 60 yakilazwa. Plaiwudi tupu hupoteza joto, hivyo bandika ndani vipande vya yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki. Funga balbu mbili za wati 40, zile za waya zinazopata moto. Za LED hazitoi joto la maana. Kila balbu iungwe kivyake, ili moja ikiungua nyingine iendelee. Ziwekee bati mbele, mayai ya karibu yasiungue.

Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 inatosha, nasi tunakushauri usiiache. Izunguke muda wote bila kupitia themostati, yaani kile kifaa kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto. Ukiwa na feni, joto liwe nyuzi 37.5 kila kona. Bila feni, hewa ya moto hukaa juu na ya baridi chini, kwa hiyo utalazimika kupima usawa wa mgongo wa yai na kulenga nyuzi 38.5 hadi 39.

Wengi huharibu hapo kwenye kupima. Ule waya wa themostati wenye ncha ya chuma hufungwa karibu na balbu au hubanwa ukutani, kioo kikaonyesha 37.5 huku mayai yana 36. Uning'inize katikati ya trei, usawa wa mayai. Kipimajoto chako kilinganishe na kile cha kupimia homa, vyote viwili ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu. Tofauti ya nyuzi moja tu, ikidumu siku zote, inatosha kukuharibia.

Toboa matundu manne ya sentimita moja na nusu chini na manne juu. Iwashe mashine tupu saa 24, na mayai yasiingie mpaka joto limetulia.

Kati ya mayai 50 nimepata vifaranga 14. Mengi niliyoyavunja yalikuwa na vifaranga wakubwa waliokufa wakiwa wamelowa. Wachache walitoboa ganda wakakwama. Nilijaza maji tangu siku ya kwanza, nikaziba matundu joto lisitoke. – Msomaji, Kitui

Umefanya vizuri kuyavunja, maana yai lililokufa ndilo linaloeleza kosa. Kifaranga aliyekamilika na kulowa amekufa kwa maji mengi na hewa kidogo. Yai linapaswa kupungua uzito kadiri siku zinavyokwenda, ili chumba cha hewa upande wa butu kikue. Siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo. Kikiwa kidogo, anakosa hewa kabla hajafika kwenye ganda. Nawe uliziba matundu siku zile zile anazohitaji hewa kuliko zote.

Siku 18 za kwanza unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, kisha 65 hadi 70 mpaka waanguliwe. Kinachoongeza unyevu ni upana wa chombo cha maji, si kina chake. Bakuli pana lenye maji ya kidole kimoja hushinda kopo refu lililojaa. Mizani ya jikoni itakusaidia zaidi: pima mayai kumi pamoja siku ya kwanza. Yakiwa gramu 550, siku ya 18 yawe kama 480 hadi 490. Yakibaki 515, punguza maji na ufungue matundu.

Waliotoboa wakakwama ni kesi nyingine. Utando hukauka na kumbana kifaranga kila mlango unapofunguliwa, na mara nyingi hufunguliwa kwa huruma ya kutaka kumsaidia. Toka kutoboa hadi kutoka huweza kuchukua saa 12 hadi 24. Acha mlango umefungwa.

Safari ijayo, mulika mayai kwa tochi siku ya 7 uondoe yasiyo na mbegu na viza. Geuza mara tatu au tano kwa siku, na ukifika siku ya 18 uache kugeuza.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne nifanye nini? – Msomaji, Mwanza

Usifungue. Funika mashine kwa blanketi, uweke ndani chupa za maji moto zilizoviringishwa kitambaa ikiwa umeme unachelewa. Baridi ya saa chache huchelewesha tu. Joto la nyuzi 40 na zaidi ndilo linaloua haraka. Baada ya siku ya 14 vifaranga hutoa joto lao wenyewe, kwa hiyo matundu ya hewa yabaki wazi. Usitupe mayai siku hiyo. Yamulike baada ya siku tatu.

Naweza kuchanganya mayai ya kanga na ya kuku? – Msomaji, Singida

Unaweza, joto lao ni moja. Kanga huchukua siku 26 hadi 28, kuku 21, hivyo tanguliza ya kanga kwa siku sita ili siku za mwisho zikutane na unyevu upandishwe mara moja. Bata wale wenye nyama nyekundu usoni wasubiri zamu yao: wanataka siku 35.