Tunamwagilia kila jioni, mbona nyasi zinakauka?

SWALI: Mimi ni mstaafu, mwenyeji wa Tanga, naishi Uingereza. Nimejiunga na klabu ya bolingi ya nyasini hapa kijijini, ule mchezo wa kuvingirisha mipira ikakae karibu na kimpira cheupe. Mtunza uwanja tuliyekuwa tukimlipa ameondoka, sasa kazi tunaifanya wenyewe kwa kujitolea, watu tisa. Tunakata hadi milimita 3, tunamwagilia kila jioni, na mbolea tunaweka tukiona rangi imepauka. Hata hivyo tangu Juni uwanja umeota mabaka makavu ya kahawia, na kwingine mguu unadidimia kama umekanyaga godoro. Tunakosea wapi?

JIBU: Pole mzee wangu, na hongereni kwa kuubeba mzigo huo. Kabla hamjanunua chochote, chukueni kisu kirefu mkate kipande cha udongo chenye kina cha sentimita 10 ndani ya baka kavu, na kingine pale panapodidimia. Viacheni vikauke kabisa, kisha vilazeni na mdondoshe tone la maji kila baada ya sentimita moja, kutoka juu kwenda chini. Tone likinywewa papo hapo, udongo ni mzima. Likibaki limejiviringa kama maji juu ya jani la gimbi, udongo huo unayakataa maji.

Naamini ndicho mtakachokiona. Majani na mizizi iliyokufa hujikusanya chini ya nyasi na kufanya tabaka kama sifongo. Yanapooza, chembe za mchanga hupakwa utando wa nta. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, maji huishia kwenye sifongo hilo au hukimbilia pembeni, na mizizi nayo hupanda juu kuyafuata. Kwa hiyo godoro na ukavu mnaouona ni ugonjwa mmoja. Tena nyasi zinazolala zimelowa usiku kucha hukaribisha kuvu.

Toboeni mabaka hayo kwa uma wa bustani, matundu mengi na ya kina, kisha wekeni dawa ya kusaidia maji kupenya. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya viwanja. Baada ya hapo mwagilieni alfajiri, mara moja au mbili kwa wiki, hadi unyevu ufike sentimita 10. Msikisie; piteni tena na kisu mhakikishe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwagilia baka kama hilo wiki tatu mfululizo, na chini kulikuwa vumbi tupu.

Visu vya mashine pandisheni hadi milimita 5. Wachezaji watalalamika kwamba mpira umekuwa mzito, waelezeni sababu. Jani fupi mno halina chakula cha kuupa mzizi. Mbolea ya kukisia kwa rangi iacheni: nitrojeni ikizidi hunenepesha sifongo, na hustawisha ile nyasi ya Poa annua yenye mizizi mifupi, inayokauka kabla ya wenzake.

Kazi kubwa ni Septemba, msimu ukiisha: kwangueni tabaka, toboeni uwanja mzima, pandeni mbegu za feskyu na benti, nyasi za majani membamba, mtandaze mchanga mwembamba. Mchanga uwe wa aina ileile kila mwaka, maana tabaka la aina nyingine hugeuka ukuta mpya wa kuzuia maji na mizizi.

Sasa hao watu tisa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huyu akimwaga mbolea Jumanne na yule akarudia Alhamisi, nyasi ndizo zinazoungua. Chagueni mmoja wa kuamua, na daftari moja likae kwenye banda la mashine: nani kafanya nini, lini, kiasi gani. Wenye mgongo mbovu wasiachwe kando. Kufagia umande asubuhi hukausha majani, na macho yao huliona baka likiwa bado dogo. Lakini viuatilifu vya kitaalamu msiviguse. Sheria ya Uingereza inamtaka anayevitumia awe na cheti, hata kama anajitolea, hivyo mwiteni mwenye nacho.

Kila mwanzo wa mwezi pimeni urefu wa mizizi kwa rula na muuandike kwenye daftari hilohilo. Ikianza kushuka kufuata maji, mabaka nayo yataanza kuziba.