Maswali ya Wasomaji: Baruti Kiasi Gani, Risasi Ipi, Kwenye Bastola za Kizamani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Mwanga, Kigoma mjini. Shemeji yangu anaishi Ohio kule Marekani, kanunua bastola ya kizamani ile ya kujaza baruti kwa mkono, ni kopi ya Colt ya mwaka 1860, namba .44. Mwezi ujao naenda kumtembelea na anataka twende wote uwanja wa shabaha. Yeye anasema ukijaza baruti mpaka chemba (lile tundu la kujazia) ifurike ndo inapiga vizuri. Kweli hiyo? Na risasi ya duara na ile yenye ncha, ipi bora?

JIBU: Shemeji yako mwambie taratibu, maana mwenyeji haambiwi kwa ukali, ila hapo amekosea. Kujaza mpaka ifurike kunaongeza moshi, kunaongeza teke la mkononi na kunachakaza bastola, shabaha ndo kwanza inaharibika.

Wenzetu kule wanapima baruti kwa greni, na gramu moja ni kama greni 15 na nusu hivi. Kwa hiyo Colt ya 1860 yenye fremu ya chuma anza na greni 20 hadi 25 za baruti nyeusi, yaani gramu moja na robo hadi gramu moja na nusu na kidogo, ukiona zinakaa vizuri kwenye karatasi ya shabaha basi umefika hapo hapo, huna cha kutafuta zaidi. Wanaotaka nguvu wanapanda hadi 30. Kama ni ile ndogo ya namba .36, mfano wa Colt Navy ya 1851, greni 15 hadi 20 zinatosha kabisa. Na aangalie fremu: kuna kopi nyingi zinauzwa bei rahisi zenye fremu ya shaba ya njano, zile ni laini, ukizipa baruti nyingi kila siku fremu inavutika na silinda (lile gurudumu lenye chemba) inaanza kucheza. Zile ni baruti kidogo tu, miaka yote. Halafu kitabu cha kiwanda kilichokuja na bastola akisome, kikisema chini ya hapa nilipotaja mimi basi kitabu ndo kinafuatwa.

Baruti yenyewe iwe nyeusi halisi au mbadala wake ulioandikwa wazi kuwa ni wa silaha za baruti nyeusi. Chembe zake zina alama ya F, zikiwa nyingi chembe ni ndogo, na bastola hizi zinatumia F tatu. BARUTI YA KISASA ISIYO NA MOSHI HAPANA, hata chembe chache za kuchanganya hapana, hiyo presha yake ni kitu kingine kabisa na silinda itapasuka mkononi mwa mtu. Hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu makopo ya baruti kwa macho ya mgeni yanafanana.

Sasa risasi. Kwa mtu anayeenda kulenga karatasi, chukua ya duara wala usihangaike. Ya duara inaingia kwenye chemba vyovyote utakavyoiweka, haina mbele wala nyuma, yenye ncha ikikaa upande kidogo tu inatoka imepinda na shabaha inapotea, tena ni ndefu inakula nafasi ya baruti na ni nzito hivyo presha inapanda, ndo maana ukiitumia unapunguza baruti. Faida yake ni uzito, kwa mtu wa shabaha uzito huo haumsaidii kitu.

Kipimo cha duara ndo watu wanakosea. Bastola inaitwa .44 lakini goroli yake ni inchi 0.451 au 0.454 kutegemea kiwanda, ile ya .36 inachukua 0.375 na kuendelea. Lazima goroli iwe kubwa kidogo kuliko mdomo wa chemba. Ukiwa pale uwanjani angalia hivi: nyundo inavutwa nusu ili silinda izunguke, mtutu juu, anamimina baruti kutoka kwenye kipimo (sio moja kwa moja kutoka kwenye kopo au pembe, kukiwa na cheche imebaki kwenye chemba kopo zima litalipuka), anaweka goroli juu ya mdomo wa chemba, anazungusha mpaka ikae chini ya wenzo (ule mkono wa kushindilia ulio chini ya mtutu), anashindilia. Hapo utaona kipete chembamba cha madini ya risasi kimenyolewa kinabaki pembeni ya mdomo, kinang'aa. Hicho kipete ndo uthibitisho kwamba chemba imezibwa. Kisipotoka goroli ni ndogo, itoe. Goroli ndogo inaweza kuteleza mbele bastola ikirusha teke, na inaacha upenyo, moto wa chemba moja unapita mbele unawasha ya jirani na ya jirani, chemba mbili tatu zinalipuka kwa mpigo wakati mtutu ni mmoja. Fataki (vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti) zinazolegea kwenye chuchu zake, vijibomba vya kule nyuma ya silinda, nazo zinaleta janga hilo hilo, zibane vizuri, na zinavishwa MWISHO kabisa.

Ukishatumia baruti kidogo goroli inazama ndani sana ya chemba. Hakuna shida ya usalama mradi goroli imegusa baruti na kuibana, nafasi ya hewa katikati haitakiwi kabisa. Wengine wanajazia unga wa mahindi uliokobolewa juu ya baruti ili goroli ipande karibu na mdomo, inafanya kazi. Mimi napenda zaidi kipande cha felti kilicholoweshwa nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, kinakaa kati ya baruti na goroli, kinazuia moto na kinalainisha masizi. Nta ya nyuki, ile ile inayotoka Sikonge na Urambo kila msimu! Grisi ya gari asipake, ikikutana na baruti nyeusi inageuka lami ngumu. Na madini ya risasi ya kutengenezea goroli yawe laini tupu, ile ya kuyeyusha betri za gari ina mchanganyiko unaoifanya ngumu, wenzo unaweza kupinda, halafu moshi wake ni sumu hasa kwa watoto.

Ajaze chemba tano tu kati ya sita na nyundo ilale kwenye iliyo tupu.

La mwisho kwako ndugu yangu, na ni muhimu kuliko yote: kule sheria ya nchi nzima inazichukulia kopi hizi kama silaha za kale, ndo maana anainunua kirahisi, ingawa majimbo mengine yana masharti yake. Huku kwetu ni silaha kamili. Akikupa zawadi usiiweke kwenye begi, hata kama haina baruti, utakamatwa uwanja wa ndege.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora, huwa nawapeleka wanafunzi Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone. Wananiuliza kama wakati wa Mirambo bastola za silinda zilikuwepo, na kwa nini tunasikia magobore tu.

JIBU: Zilikuwepo mwalimu, tena za kutosha. Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836, na vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vimeanza 1871, Stanley akiwepo hapo hapo. Ila kilichokuwa kinabadilishwa na pembe za ndovu kwenye misafara ni bunduki za mtutu mrefu za kujaza mbele. Bastola ya silinda bila fataki ni chuma tu, na fataki huwezi kuifua kijijini, gobore la jiwe lenyewe linataka gumegume, baruti na chochote cha kurusha.

Wasimulie wanafunzi habari ya Colt Walker ya 1847, watapenda. Ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi na chemba moja ilimeza mpaka greni 60, karibu gramu 4, mara mbili ya kiwango cha juu nilichomwambia ndugu wa Kigoma. Baadhi ya silinda zilipasuka vitani, chuma cha enzi zile hakikuhimili, na bastola iliyofuata, Dragoon, ikafupishwa chemba ikawa greni 50. Yaani hata kiwanda chenyewe kilirudi nyuma kwenye baruti.

SWALI: Salaam kutoka Sikonge. Baba yetu mkubwa ana gobore la kufua kienyeji, baruti anakisia kiganjani na anaweka vipande vya nondo. Nikisema ananijibu alianza kabla sijazaliwa. Nimwambie apunguze baruti mpaka ngapi?

JIBU: Mdogo wangu, hakuna kiasi nitakachokutajia. Vipimo vyote nilivyoandika juu ni vya silaha ambayo chuma chake kimepimwa na unene wake unajulikana. Hilo gobore mtutu wake huenda ni bomba la maji lenye mshono, na bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Nondo ndo mbaya zaidi, kipande hakizibi, kinakwaruza, siku moja kinakwama katikati, na baruti ikiwaka nyuma ya kitu kilichokwama mtutu unafunguka pale pale kwenye shavu la mpigaji. Kupiga salama mara nyingi hakumaanishi chuma hakichoki, kila mlipuko unakipunguza.

Na kuwa nalo bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, gobore halijasamehewa. Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari, huo ndo mlango wake. Wewe kama mtoto usibishane naye, mtafute rika lake au mwenyekiti wa kijiji anayemheshimu akaongee naye, na mpaka hapo baruti isikae nyumba moja na jiko.

SWALI: Masizi ya baruti nyeusi yanatolewaje? Msomaji, Ujiji.

JIBU: Maji ya moto na sabuni, siku hiyo hiyo. Masizi yake yanavuta unyevu, na kwa hewa ya ziwani hapo Ujiji ukilaza silaha usiku mmoja asubuhi unakuta kutu. Toa silinda, fungua chuchu zote, sugua kila chemba, suuza, anika mpaka ikauke kabisa ndo upake mafuta. Kabla ya kujaza tena piga fataki tupu kwenye kila chemba, mtutu ukiwa umeelekea kwenye jani chini: jani likitikisika njia iko wazi.