Wasomaji Wanauliza: Rili Kongwe za Ujerumani na Umri Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Naishi Hamburg. Kwenye mnada wa vitu vikuukuu nilinunua rili ya mbao ya kuvulia samaki yenye mguu (kipande kinachofungwa kwenye fimbo) wa shaba ya njano. Kwenye shaba pamegongwa D.R.G.M. na namba ya tarakimu sita inayoanzia na 34. Muuzaji alisema ni rili ya D.A.M., kampuni ya Kijerumani ya vifaa vya uvuvi, ya mwaka 1875. Niamini?
*Msomaji, Hamburg*

JIBU: Usiamini, ndugu yetu. Herufi hizo nne zinamkatalia. D.R.G.M. ni kifupi cha Deutsches Reichsgebrauchsmuster, yaani usajili wa muundo wa kifaa, na sheria yake ilianza kutumika Oktoba 1891. Kabla ya hapo hakuna kiwanda kilichokuwa na alama hiyo ya kugonga. Alichofanya muuzaji ni kuchukua mwaka ambao ndugu wawili, Fritz na Ludwig Ziegenspeck, walianzisha kampuni yao Berlin, akaubandika kwenye rili. Mwaka wa kampuni hauhesabiwi kuwa mwaka wa kifaa. Tena kama jina la D.A.M. halionekani popote kwenye mbao wala shaba, usilitaje hata utakapoiuza. Mafundi waliotengeneza rili za mbao Ujerumani walikuwa wengi.

Sasa namba. Zilitolewa kwa mfululizo mmoja kwa vifaa vya kila aina, kwa hiyo kitu kingine chochote chenye tarehe inayojulikana kinaweza kukupa kipimo. Kichujio cha kahawa cha Melitta Bentz kilisajiliwa 1908 kwa namba 347895. Yako, ikiwa inaanzia na 34 na ina tarakimu sita, ni jirani yake kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mfululizo huo ulikuwa umevuka milioni moja, hivyo namba ya tarakimu saba ni ya wakati huo au baadaye.

Angalia vizuri kama ni D.R.G.M. kweli na si D.R.P. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. D.R.P. ni hataza kamili (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), ilianza 1877, na namba zake zina mfululizo wake peke yake: zilifika 200,000 mnamo 1908 na 500,000 mwaka 1930. Namba ya D.R.P. inayoanzia na 34 ingeipeleka rili yako mwanzoni mwa miaka ya 1920, zaidi ya miaka kumi mbele.

Kumbuka pia kwamba namba inakupa mwaka ambao rili *haiwezi kuutangulia*, basi. Usajili ulidumu miaka 3, ukaweza kuongezwa 3 mingine, na kiwanda hakikuwa na haraka ya kutupa muhuri wa chuma ambao bado ulikuwa mzima. Iandike hivi kwenye kadi yako: "si kabla ya 1908 hivi, inaelekea ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia au karibu na hapo." Kisha pima kipenyo cha bobini (sehemu inayoviringishiwa mshipi) kwa kalipa. Wajerumani waliuza rili kwa sentimita, Waingereza kwa inchi. Ukipata milimita 80, 90 au 100 kamili, inakubaliana na Ujerumani, ukipata 88.9 au 101.6, hizo ni inchi tatu na nusu na inchi nne, na hapo itabidi uchunguze kama bobini ilibadilishwa.

SWALI: Bwana Mhariri, salaam. Marehemu babu ameacha rili ya D.A.M. Quick. Imekaa pwani miaka mingi, mkono hauzunguki, na chini ya mguu kuna maandishi yaliyofunikwa na unga mweupe. Naona "Western" tu. Nataka kujua umri wake, na pia nataka ifanye kazi. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Anzia kwenye maandishi, na usiguse mkono mpaka uyasome. Tafadhali sana, usiulazimishe. Rili za Quick za zamani zina gia ya skrubu: gurudumu la meno linazungusha skrubu ya chuma, na gurudumu hilo ni la metali laini kuliko hiyo skrubu. Grisi ya miaka mingi ikishakauka inashika kama nta. Ukizungusha kwa nguvu, meno ya gurudumu ndiyo yanayoliwa, na kupata jingine ni kazi kubwa kuliko kusubiri.

Unga mweupe ni kutu ya alumini iliyoletwa na chumvi. Chukua maji baridi yasiyo na chumvi, tone moja la sabuni ya vyombo na mswaki laini, usugue taratibu, ukaushe kwa kitambaa. Usitumie siki, ndimu, msasa wala steelwool. Magadi makali ya kutengenezea sabuni ndiyo mabaya kuliko yote, maana yanaitafuna alumini yenyewe. Maandishi yaliyogongwa yana kina kidogo mno, na ukisugua kwa nguvu unafuta ushahidi pekee ulio nao.

Kisha ingia chumba chenye giza na tochi. Ilaze tochi karibu ilingane na mguu wa rili, mwanga uje kwa ubavu, na vivuli vitajaza herufi. Bado hazisomeki? Paka unga wa chaki kwa kidole, futa juu juu kwa karatasi, chaki itabaki ndani ya herufi. Piga picha hapo hapo. Tazama pia ubavuni palipo na mkono, na chini ya bobini baada ya kutoa mshipi wote.

Unachotafuta ni jina la nchi kwa ukamilifu. "Germany" peke yake ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia au baada ya muungano wa Oktoba 1990, na umbo la rili litakuambia ipi. "U.S. Zone" ni ya miaka baada ya 1945, Ujerumani ilipogawanywa baina ya washindi wa vita, na Gunzenhausen, mji wa Bavaria ambako D.A.M. ilihamia, ulikuwa upande wa Wamarekani. "Western Germany" au "West Germany" haianzi kabla ya 1949. Ukiona "D.B.P." badala ya "D.R.P.", hiyo nayo ni hataza ya Ujerumani Magharibi, na namba zake zinaanzia juu ya 800,000. Rili ya babu basi ni ya 1949 hadi 1990. Namba ya aina, kama 110, 220, 330, 440 au 550, inaonyesha ukubwa, wala si mwaka.

Kufungua: tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa kila skrubu, acha saa 24, rudia. Bisibisi ijaze mfuo wote. Ikiwa nyembamba inachana kichwa cha skrubu. Piga picha kila unapotoa kipande, hasa mpangilio wa washa za breki. Grisi kuukuu ilainishe kwa mafuta ya taa na uiondoe kwa kijiti cha mti, lakini yasiguse maandishi yaliyochapwa kwa rangi. Ukimaliza, paka grisi mpya nyembamba kwenye meno tu. Ukijaza nyumba nzima ya gia, mkono utakuwa mzito tena.

SWALI: Rili yangu ni ya Gunzenhausen na ina boksi lake na karatasi ya maelezo. Vinasaidia?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Sana, kuliko chuma mara nyingine. Tazama namba ya posta kwenye anwani. Tarakimu nne (8820 Gunzenhausen) ni kuanzia mwishoni mwa 1961. W-8820 ni ya kipindi kifupi kabla ya Julai 1993, na 91710 ni baada ya hapo. Bei kwa RM (Reichsmark, fedha ya zamani) ni kabla ya Juni 1948. DM (Deutsche Mark) ni baada yake. Hakikisha tu kwamba namba ya aina kwenye boksi ndiyo iliyo kwenye rili, kwa sababu maboksi huuzwa peke yake na kuoanishwa upya.

SWALI: Rili haina jina wala namba. Ina waya nusu wa kudakia mshipi, si upinde mzima.
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Kampuni ya Hardy ya Uingereza ilipata hataza ya upinde mzima, yaani waya unaopita mbele ya bobini upande hadi upande, mwaka 1932, na viwanda vingine vikaendelea na nusu upinde hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo 1930 hadi 1950 na kitu ni makisio ya haki. Kagua skrubu: zenye mfuo mmoja zinakubaliana na umri huo. Zenye msalaba, hasa ikiwa ni moja au mbili tu kati ya zote, ni alama ya fundi aliyeifungua baadaye, na hapo chunguza springi ya waya pia, kwani ndiyo huvunjika kwanza na kubadilishwa. Mshipi wa nailoni usiuhesabu, maana huo hubadilishwa wakati wowote.