Joto la Moshi: baba wa miaka 62, mwana wa 27

Kaka, umeuliza kama wewe na mzee wako mtaumia sawasawa kwa joto la Kilimanjaro Marathon, mbio za mjini Moshi. Hapana. Mwili wa mzee hutoa jasho kidogo kuliko wako, damu yake haiwahi kwenye ngozi kupoza mwili, na kiu humjia kwa kuchelewa. Kwa hiyo asingoje kiu. Anywe mafunda machache kwenye kila meza ya maji, ila asijaze tumbo, maji kupita kiasi nayo huua.

Halafu kuna suala la saa. Mwishoni mwa Februari Moshi inachoma, na kile kilima cha kuelekea Mweka kiko nusu ya pili ya mbio. Wewe ukitumia muda wa saa tatu na nusu kumaliza, yeye akitumia saa tano, anakipanda jua likiwa limeshakolea.

Na wewe usijidai kijana. Kwenye marathon ya Chicago, Marekani, mwaka 2007 mbio zilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto, na wakimbiaji wa kila umri walizidiwa. Punguza kasi tangu kilomita ya kwanza.

Mzee anameza dawa za presha? Kama ni zile za kukojosha, aonane na daktari kabla hata ya kujisajili.