Shali ya Bibi wa Nansio na Kofia ya Mvuvi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za zawadi. Nimezisoma barazani kwangu Kirumba, Mwanza, baada ya wanafunzi wangu wa kufuma kuondoka, na nimechagua nne ambazo najua zinawagusa wengi.

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa kiume, nakaa Igoma. Dada yangu alinifundisha kufuma kwa sindano mbili, na sasa nataka kumfumia bibi yangu shali ya pembetatu kabla ya Krismasi. Bibi yuko Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Muuza nyuzi kanishauri ninunue vibonge viwili vya akriliki kwanza, nikiishiwa nirudi. Nifanye hivyo? Na urembo wa matundu je, niuweke?

Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana kwa barua yako. Usinunue hivyo vibonge bado. Kwanza niambie, bibi anapikia nini? Kama ni kuni na mafiga matatu, akriliki iache dukani. Uzi ule ni ndugu wa plastiki: ukishika moto unayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Bibi anainama kuchochea kuni, ncha ya shali inaning'inia mbele, cheche inaruka. Sitaki hata kuifikiria. Pamba nayo inaungua, ila haiyeyuki mwilini. Sufu ya kondoo ndiyo inayogoma kushika moto kuliko zote, lakini inataka maji ya baridi na mkono mpole. Shali ya bibi itafuliwa na wajukuu, kwa sabuni ya mche, ikisuguliwa pamoja na sare za shule. Sufu ikifanyiwa hivyo husinyaa na kuwa ngumu, na hairudi tena.

Kwa hiyo mfumie ya pamba. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekua tukiona magunia ya pamba yakitoka Magu na Kwimba, na bado tukitaka zawadi ya maana tunakimbilia sufu, kana kwamba pamba ni ya magodoro tu. Hilo huniumiza kidogo. Kwa hali ya hewa ya ziwani pamba ndiyo yenyewe: inanyonya jasho mchana, na jioni upepo ukivuma inatosha mabegani.

Ubaya wake ni uzito, na pia hainyumbuki. Ukiifuma nene na legelege inajivuta kwa uzito wake, na baada ya miezi michache ncha zinafika magotini. Tumia uzi mwembamba wa kroshia, nyuzi mbili ukizishika pamoja, kwa sindano za milimita 4. Chukua sindano ya mviringo yenye waya katikati, kwa sababu vitanzi vitakuwa vingi mno kukaa kwenye sindano fupi. Anza na vitanzi 7. Kila mstari wa mbele ongeza vitanzi 4: kimoja baada ya pindo la mwanzo, kimoja kabla ya pindo la mwisho, na viwili kando ya kitanzi cha katikati, kimoja kila upande. Mstari wa nyuma rudi bila kuongeza. Utaona 7, 11, 15, na mgongo wa shali unajichora wenyewe katikati.

Sasa ule ushauri wa muuza nyuzi. Shali hii kila mstari ni mrefu kuliko uliotangulia. Ukifika nusu ya mistari yako yote, uzi uliotumika ni robo tu. Ukifika robo tatu ya mistari ndiyo kwanza umepita nusu ya uzi. Ndiyo maana watu wengi huona kazi inakwenda vizuri, wanatulia, halafu uzi unaisha mstari wa mwisho ukiwa mbali. Na ukirudi dukani unaweza kupata jina lilelile la rangi, lakini uzi uliotiwa rangi siku nyingine. Mkononi huoni tofauti. Shali ikitandazwa juani, mstari unaonekana kama kiraka. Soma lebo, kuna namba ya mkupuo wa rangi. Vibonge vyote viwe na namba moja. Weka hesabu ya mita 1,000 hivi za uzi huo mwembamba, maana unatumia nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Kitakachobaki kitafaa kushonea shali ikichanika.

Kabla ya hapo fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kisha kifue kama kitakavyofuliwa kule, sabuni ya mche na kusugua. Kianike juani, ukipime tena. Kikiwa kimerefuka, tumia sindano nyembamba zaidi.

Umeuliza pia habari za urembo wa matundu. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wanasifika kwa shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa. Ni kazi ya kutazamwa kwa heshima. Lakini bibi yako anapita kwenye milango yenye misumari na anabeba kuku kwapani. Mwekee matundu madogo, mistari michache karibu na ukingo. Matamvua usiweke kabisa, kwa sababu ya yale mafiga.

Mama, nilimfumia mama mkwe shali ya sufu kwa mkono wangu, usiku baada ya kazi. Sijawahi kumwona ameivaa. Juzi nimeenda kwake Nyegezi nikaikuta imetandikwa juu ya kochi sebuleni. Nimeumia. Nimuulize? (Msomaji, Buhongwa)

Usimuulize, mwanangu. Pole kwa maumivu, nayaelewa, maana kila kitanzi umekipitisha kwa vidole ukiwa na usingizi. Lakini hebu itazame sebule yenyewe. Katika nyumba zetu, kitambaa cha kroshia juu ya kochi ndicho mgeni anachokiona kwanza, na ndicho mwenye nyumba anachokisifia. Kitu asichokipenda angekifungia kabatini au angekigawa. Mama mkwe ameiweka kazi yako mahali ambapo kila anayeingia atauliza, "Hii kafuma nani?" na jibu ni jina lako.

Na kuna la hali ya hewa. Sufu nzito Mwanza, labda alfajiri ya mvua kubwa. Ingekuwa mkweo anakaa Makete au Njombe ungemkuta ameivaa hadi jikoni. Zungumza na wifi yako kwa utaratibu, ujue mama anapenda nini akienda kanisani au msikitini, msibani, kitchen party. Mara nyingi ni mtandio mwepesi wa kujitanda kichwani. Mfumie huo kwa pamba nyembamba, na ile ya sufu iache palepale kwenye kochi.

Shikamoo. Mdogo wangu anajifungua mwezi ujao, nataka kumfumia mtoto shali yenye matundu mazuri na matamvua.

Marahaba. Matundu makubwa hapana, vidole vya kichanga vinaingia humo na uzi unavikaba. Matamvua hapana, yataishia mdomoni. Nyuzi za manyoya nazo hapana. Tumia pamba laini iliyofungamana vizuri, ifue kabla ya kuipeleka, na mwambie mdogo wako ni ya kumbebea na kumfunikia akiwa mikononi. Mtoto akilala peke yake, shali itolewe. Kitu kilegevu hakikai karibu na uso wa mtoto aliyelala.

Dada, mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Anarudi asubuhi masikio yamekufa ganzi. Nataka nimfumie kofia na skafu kwa siri. Najua kroshia kidogo na sindano mbili kidogo. (Mke wa mvuvi, Igombe)

Mfumie kofia. Skafu iache, dada yangu. Mtumbwi una injini, una kamba, una nyavu zinazovutwa gizani kwa haraka. Kitu kinachoning'inia shingoni ni hatari. Ukitaka kumkinga shingo, irefushe kofia nyuma ifunike kisogo.

Pamba hapa haifai, kinyume na nilivyomwambia kijana wa Igoma. Ikilowa maji ya ziwa inabaki imelowa na baridi inaongezeka. Kama chombo chao kinatumia taa za betri, chukua akriliki: hainyonyi maji sana, inakauka upesi, na bei yake inavumilika. Kama bado wanatumia karabai zenye moto, tafuta sufu, hata ukifumua sweta la mtumba la soko la Mlango Mmoja. Soma lebo ya ndani uhakikishe ni sufu kweli. Sufu inatia joto hata ikiwa na unyevu. Rangi iwe kali, chungwa au njano, ili akianguka majini wenzake wamwone.

Tumia sindano mbili, maana kofia ya kroshia hainyumbuki vya kutosha kubana masikio. Mpime kichwa akiwa amelala, kwa uzi, kisha toa sentimita 5. Kichwa cha sentimita 57, kofia iwe 52. Kipande chako cha majaribio kikikupa vitanzi 18 kwa sentimita 10, anza na vitanzi 92, ufume viwili mbele, viwili nyuma, hadi juu. Mpangilio huo ndio unaovutika na kurudi. Fuma usiku akiwa ziwani. Mpe siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawafuati taa na wavuvi wako nyumbani, ili aijaribu na wewe upate muda wa kuifumua ikimbana.